Tunavyopanga Kuunda Kinasa cha Televisheni



Mhariri wetu amenitaka mara mbili niandike kitu katika kurasa hizi, na mara mbili nimemjibu kuwa sina la kuandika. Mara hii ninalo. Ni habari ya sanduku dogo ambalo mimi na mwanangu tumekuwa tukilipanga tangu mwanzo wa majira ya baridi, kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu na daftari. Sanduku hilo litakuwa kinasa cha televisheni: litavishika vipindi na kuvihifadhi, ili kila mtu wa nyumba avitazame kwa wakati aupendao yeye, si kwa wakati aupendao mtangazaji. Naandika kwa kuwa naamini wamo miongoni mwenu wenye haja kama yetu. Na pia kwa kuwa, katika kulipanga sanduku hilo, limenitoka jambo nililolificha kwa zaidi ya miaka 25.

Nianze na haja yenyewe. Nyumba yetu hapa Leicester ina watu sita na televisheni moja. Sisi tuliozaliwa Unguja tumezoea jua lisilobadilika sana: mwaka mzima Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na saa moja. Huku ugenini sivyo. Mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mwezi wa Juni huzama baada ya saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo wakati wa sala hutembea katikati ya vipindi vya televisheni, mwezi huu ukikiangukia hiki, mwezi ujao kile. Mama yangu, ambaye umri wake umepindukia miaka 80, hupenda mno vipindi vya wanyama. Ikifika Mei, saa ya adhana iliyo ukutani humlilia pale pale simba anapoanza kunyemelea. Mama huinuka bila ya manung'uniko, akasali, akaomba dua zake kwa utulivu, na akirudi hutuuliza, "Yule swala alinusurika?" Aghalabu hapana wa kumjibu, kwa sababu sote tulikuwa tumesimama nyuma yake.

Mabinti zangu wawili nao hutaka stesheni mbili mbalimbali kwa saa moja. Mimi mwenyewe hufanya kazi ya usiku katika dobi la hospitali siku tatu kwa wiki, na siku hizo hata taarifa ya habari sijui ilisema nini.

Nakiri kwamba vinasa vya tayari vinauzwa madukani, na kwamba tangu mwaka 2007 BBC ina huduma ya iPlayer ambayo humwezesha mtu kutazama kipindi kilichokwisha pita. Lakini huduma za namna hiyo hutaka jina, neno la siri na intaneti isiyoyumba, na kipindi huondolewa muda wake ukimalizika. Mama hana haja na maneno ya siri. Isitoshe, ilikuwapo sababu nyingine ambayo sikuitamka. Mwanangu, mwenye miaka 15, alikuwa amehamia chumbani mwake pamoja na simu yake, tukawa tunamwona wakati wa chakula tu. Jioni moja alimsikia bibi yake akiuliza habari za swala, akaniambia, "Baba, tunaweza kuunda kinasa wenyewe, wala si ghali." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa mwezi mzima. Nikamwambia alete daftari.

Kwa wale wasiozifuata habari hizi, kinasa cha dijitali hakitumii kaseti. Mashine za kwanza za namna hiyo kuuzwa kwa watu wa majumbani zilitokea Marekani mwaka 1999, nazo ni TiVo na ReplayTV. Uingereza ikaipata Sky+ mwaka 2001. Mwaka 2002 mtu mmoja wa Marekani, Isaac Richards, akaanza kuandika programu aliyoiita MythTV, ili kompyuta ya kawaida iweze kufanya kazi ile ile, na akaiachia watu waitumie bila ya malipo. Tangu hapo wapo mafundi wa nyumbani, katika nchi nyingi, wanaojiundia vinasa vyao.

Deki zetu za zamani zilikuwa na kipokezi ndani yake, lakini kipokezi kile kilikuwa cha mawimbi ya analojia. Uingereza ilimaliza kuizima mitambo hiyo mwezi wa Oktoba 2012, na Tanzania ikaanza kuizima ya kwake tarehe 31 Disemba mwaka ule ule, ndipo jamaa zetu huko wakalazimika kununua ving'amuzi. Siku hizi picha husafiri angani hali ya kuwa imekwisha geuzwa tarakimu na kubanwa na mtangazaji mwenyewe. Hapo ndipo mwanangu aliponifundisha jambo nililokuwa silijui: kinasa hakina haja ya kuwa na nguvu nyingi. Kazi yake ni kuzipokea tarakimu na kuziandika katika diski kama zilivyo, mithili ya karani anayeiweka barua katika jalada bila ya kuifungua.

Jambo la pili lilihusu idadi ya vipokezi. Mimi nilidhani kila stesheni itataka kipokezi chake, na kwamba tukitaka kunasa vipindi vinne kwa saa moja tutanunua vinne. Kumbe stesheni za antena husafiri kwa mafungu, na mafundi huliita fungu moja maltipleksi. Kipokezi kimoja hushika fungu zima. Na programu ikiwa nzuri, huweza kuzinasa stesheni mbili au tatu zilizomo ndani ya fungu hilo kwa wakati mmoja. BBC One na ITV za picha safi, kwa mfano, zimo katika fungu moja. Tukaandika: vipokezi viwili vinatosha.

La tatu lilikuwa hesabu ya diski, na hesabu hii naiandika kwa ukamilifu ili mwenye kutaka aipime mwenyewe. Tulikisia juu, tukasema picha safi itumie megabiti 8 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, basi hiyo ni megabaiti moja kwa kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600; kwa hiyo saa moja ya kipindi ni megabaiti 3,600, yaani gigabaiti 3.6. Diski ya gigabaiti 1,000 itachukua saa 277. Mabinti walipoisikia hesabu hiyo walishangilia. Mama yao akauliza ni nani atakayepata saa 277 za kukaa kitako.

La nne lilikuwa umeme, maana kinasa hakilali. Hakijui ni saa ngapi kitaitwa. Jirani yetu alikuwa tayari kutupa kompyuta yake kuukuu ya mezani. Tukaikisia wati 60: ikiwaka usiku na mchana kwa mwaka mzima itakula yuniti 525. Mwanangu akapendekeza Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyobuniwa hapa hapa Uingereza, mjini Cambridge, na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki. Pamoja na diski tuliikisia wati 10, nazo kwa mwaka ni yuniti 88 hivi. Kompyuta ya bure ingetugharimu zaidi kuliko ya kununua. Tukamshukuru jirani, tukaiacha yake.

La tano ni programu. Tumechagua Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, na juu yake Tvheadend ya kunasa na Kodi ya kuonyesha. Zote tatu ni za bure. Ratiba ya vipindi hatutaitafuta popote, kwani mtangazaji huituma angani pamoja na picha, ya siku kadhaa zijazo. Tutakiamuru kinasa kianze dakika mbili kabla ya wakati uliotangazwa na kisimame dakika kumi baada yake, kwa kuwa watangazaji nao huchelewa, na hakuna kero kama hadithi iliyokatwa mwisho wake.

La sita ni Mama. Alisema waziwazi kwamba hatajifunza rimoti ya pili. Kwa bahati njema, waya wa HDMI hauchukui picha na sauti tu. Katika televisheni nyingi za sasa huchukua pia amri za rimoti, hata ile rimoti aliyoizoea iweze kukiendesha kisanduku. Mwanangu akachora kitufe kimoja katika daftari, akakizungushia duara, akaandika juu yake: "Bibi."

Kuhusu sheria, ili pasiwe na shaka: Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu mtu kunasa kipindi nyumbani kwake, kwa matumizi yake ya nyumbani, ili akitazame kwa wakati unaomfaa zaidi. Kukinakili na kukiuza ni jambo jingine, wala hatutalifanya. Na leseni ya televisheni ni wajibu kwa anayenasa kama ilivyo kwa anayetazama.

Basi usiku mmoja tulifika kwenye jambo la saba, nalo ni la kufuta. Mwanangu aliandika: "Diski ikijaa, vipindi vikongwe vijifute vyenyewe." Lilikuwa wazo la busara, na programu hizo zina uwezo huo. Lakini mimi nilisema "Hapana" kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Kijana akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kwa nini, Baba? Ni televisheni tu."

Nikamweleza.

Mwaka 1992 dada yangu aliolewa Unguja. Jamaa yetu mmoja alikuja na kamera ya video, akapiga picha za harusi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni mwa kaseti hiyo alikuwapo baba yangu, akiwa ndiye walii, ameushika mkono wa bwana harusi na kuyatamka maneno ya kumwozesha binti yake. Baba alifariki mwaka 1995. Mama alipokuja kukaa nasi, mwaka 1997, aliileta kaseti ile ndani ya sanduku lake, ameifunga kwa kanga. Hapakuwa na mahala pengine ambapo sauti ya Baba ilikuwa imehifadhiwa.

Tarehe 12 Julai 1998 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil, na zamu yangu ilianza saa ile ile ya mchezo. Nikatafuta kaseti tupu, nisipate. Chini ya televisheni ilikuwapo moja isiyo na karatasi ya jina. Wakubwa mnakumbuka kwamba kaseti ya video ilikuwa na kipande kidogo cha plastiki ubavuni. Kikivunjwa, deki hukataa kunasa juu yake. Kipande cha kaseti ile kilikuwa kimevunjwa. Aliyekivunja alikivunja kwa makusudi, ili kumzuia mtu kama mimi. Nami nilikuwa na haraka. Nikakata karatasi ya gundi, nikaliziba tundu, nikaitega deki, nikaenda kazini.

Nilirudi alfajiri, nikasali, nikakaa kuutazama mchezo. Zidane alifunga mawili kwa kichwa, Petit akafunga la tatu, Ufaransa ikashinda 3–0. Nilifurahi peke yangu sebuleni. Baada ya kukabidhiwa kombe picha ilichafuka kidogo, kisha wakatokea wanawake wa kwetu wamekaa uani kwa dada yangu. Mara akapita Baba na sinia la haluwa, akamwinamia mgeni mmoja, akatoka kwenye picha. Muda wake wote ulikuwa sekunde chache, na sauti yake haisikiki. Mwili ulinifa ganzi. Kaseti ilikuwa ya saa tatu, nami nilikuwa nimeifuta saa mbili na zaidi za mwanzo. Deki hufuta kwanza ndipo ikaandika. Kilichofutwa hivyo hakirudi kwa fundi yeyote. Nakala aliyokuwa nayo dada yangu, nilipomwuliza kwa hila, ilikuwa imekwisha liwa na ukungu. Nikaifunga kaseti kwa kanga yake kama ilivyokuwa, nikairudisha ndani ya sanduku la Mama, nikanyamaza. Miaka ikapita. Mama hakuwahi kuitaja, nami nikajiaminisha kwamba ameisahau.

Mwanangu alinisikiliza bila ya kuinua macho. Nilipomaliza hakunituliza wala hakunilaumu. Alilifungua daftari ukurasa mpya, akaugawa kwa mstari, akaandika juu: "Makabati mawili." Kabati la kwanza ni la televisheni, vilivyomo vitafutwa baada ya siku 30, maana sheria yenyewe inasema vimenaswa ili vitazamwe baadaye, si ili viwekwe milele. Kabati la pili ni la ukoo. Humo hakifutwi kitu mpaka watu wawili wakubaliane, tena wawili wakiwa macho, si mmoja anayekimbilia kazini. Na kwa kuwa diski nayo ni chombo, na kila chombo hufa, nakala ya pili itakaa katika diski nyingine, nyumbani kwa shangazi yake Maskati.

Wakati huo mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Mama akaita kutoka kule, "Mnazungumza ile kaseti ya harusi?"

Nikasimama mlangoni, nisijue la kusema.

"Mimi nilijua kiangazi kile kile," akasema. "Nilikwenda kuiweka siku moja wewe umelala, nikaona vijana wanakimbizana na mpira. Nikasema, huyu ni mwanangu. Nikangoja mpaka mwisho, nikamwona marehemu na sinia lake."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nawe mbona hukuniambia?"

Hatukujibizana zaidi. Baada ya kitambo akacheka kidogo, akasema, "Na ungemjua baba yako. Angekaa hapo akautazama mpira wote, ndipo akuulize kaseti yake iko wapi." Kisha akamwita mjukuu wake akae karibu naye, akamwambia kwamba maneno aliyoyasema babu yake siku ile yeye anayakumbuka, kwa kuwa aliyasikia kwa nyuma ya pazia, na kwamba kama sanduku letu linaweza kushika sauti ya mtu wa televisheni, litaweza na yake.

Kwa hiyo mpango umeongezeka jambo la nane. Tutanunua kifaa kidogo ambacho upande mmoja kina soketi tatu, nyekundu, nyeupe na ya manjano, za kuunganishwa na deki, na upande wa pili kina USB ya kuingia kwenye kompyuta. Dakika zile zilizosalia mwishoni mwa kaseti tutazihamisha zote, pamoja na wale wanawake uani na zile sekunde za Baba. Lakini kitakachotangulia kuwekwa katika kabati la pili kitakuwa ni Mama, akiwa kwenye kiti chake, akieleza siku ile ilivyokuwa. Hilo halikungoja vifaa. Kijana alilifanya usiku ule ule kwa simu yake, akauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyauliza katika umri wangu wote: babu alivaa nini, sauti yake ilikuwa nzito au nyembamba, alitetemeka? Alitetemeka, alisema Mama. Kidogo tu, alipolitaja jina la binti yake.

Mpaka naandika haya, tumekwisha nunua diski, na waya wa antena tumeupima. Vipokezi tutavinunua mshahara wa mwezi ujao ukitoka, inshallah. Kinasa kikishafanya kazi nitaleta mchoro wake kwa mhariri, ili anayetaka aufuate.

Ila tumekwama penye jambo moja, na hapa nawaomba msaada. Deki yetu ilikufa zamani, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha mwaka 2016. Kama yupo miongoni mwenu mwenye deki ya video inayofanya kazi, tunaomba atuazime kwa siku moja. Nitakuja kuichukua mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Na nyote mlio na kaseti za harusi, za maulidi na za wazee waliokwisha tangulia, mzitoe masandukuni mkazitazame kama zimeingia ukungu. Mziweke pahala pakavu, kisha mje nazo kwetu. Mwanangu amesema atazihamisha bila ya malipo. Kwanza ataangalia kipande kile cha ubavuni kama kimevunjwa, na kama hakijavunjwa atakivunja mwenyewe.

Wassalaamu alaykum.

Ndugu yenu, msomaji wa Leicester.